Binti Aliyehesabiwa Mwana wa Kiume: Tukisoma Kitabu cha Ifi Amadiume kwa Jicho la Imani

Katika sura ya mwisho ya kitabu cha Rut kuna neno ambalo wengi wetu hulipita upesi, tukiwa na haraka ya kufika kwenye jina la Daudi. Rut amejifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto ni Boazi. Lakini majirani wanawake wanapompa mtoto jina, wanasema kwamba amezaliwa kwa Naomi (Rut 4:17). Naomi hakumbeba mimba mtoto huyo. Alikuwa mjane mzee, wanawe wawili wamekufa, na nyumba ya mumewe ilikuwa karibu kuzimika. Sasa nyumba imepata mtu.

Washarika wetu wa Tarime na Serengeti hawahitaji mhadhara ili kulielewa neno hilo. Kwa Wakuria, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa binti, ili binti huyo azae na mwanamume, na watoto wahesabiwe kuwa wa nyumba ya yule mama. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Wanandi na Wakamba wa Kenya wanayo inayofanana nayo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya huko Mombasa iliitambua ndoa ya Kinandi ya namna hiyo katika shauri la mirathi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu haihesabiwi kuwa ndoa kisheria. Hata hivyo ipo, na wanaoishi ndani yake wengine huketi nasi kanisani Jumapili.

Kuhusu mambo ya namna hii husikika sauti mbili. Ya kwanza husema: tangu asili Mwafrika alijua mume na mke tu, mengine yote yameletwa na Wazungu. Ya pili husema: mababu zetu waliyakubali yote yanayodaiwa leo, hukumu ililetwa na wamisionari. Sauti hizi hupingana kwa nguvu, lakini zinafanana kwa jambo moja. Zote mbili huwasemea mababu bila kwanza kuuliza walikuwa wakifanya nini, na kwa nini. Ndiyo maana tunapenda kusoma pamoja nanyi kitabu cha mtu aliyekwenda kuuliza.

Ifi Amadiume ni mwanamke wa Kiigbo kutoka Nigeria, mwanaanthropolojia na mshairi. Mwaka 1987 kilichapishwa London kitabu chake Male Daughters, Female Husbands, jina ambalo kwa Kiswahili ni Binti za Kiume, Waume wa Kike. Utafiti wake aliufanya Nnobi, mji wa kwao, kusini mashariki mwa Nigeria. Kitabu kina sehemu tatu: karne ya 19, wakati wa ukoloni, na miaka ya baada ya uhuru. Waliosoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Chinua Achebe, wamekwisha kukutana na Waigbo. Watamkumbuka Okonkwo, aliyeogopa kuliko kitu chochote kuonekana dhaifu kama mwanamke, na aliyetamani binti yake Ezinma angezaliwa mvulana. Amadiume anatuonyesha kwamba katika nchi hiyo hiyo ya Waigbo, tamaa kama ya Okonkwo ilikuwa na utaratibu wake.

Nnobi walimwabudu Idemili, mungu wa kike wa kijito, na chatu alikuwa mnyama wake mtakatifu. Hadithi zao zilimpa mume, mwindaji aitwaye Aho, lakini mke alikuwa mkuu kuliko mumewe. Wanawake waliofanikiwa sana katika kilimo na biashara waliweza kupokea cheo cha Ekwe, na iliaminika kwamba Idemili mwenyewe ndiye aliyewachagua. Mkuu wao aliongoza baraza la wanawake, na neno lake lilikuwa na uzito hata katika mkutano wa mji mzima. Kuhani wa Idemili, kwa upande wake, alikuwa mwanamume, lakini alifunga kitambaa chake kama wafungavyo wanawake, wala hakukipitisha katikati ya miguu kama wafanyavyo wanaume.

Hapo ndipo tunapokutana na watu wa jina la kitabu. Mzee asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwita binti yake arudi kutoka kwa mumewe, akamweka katika nafasi ya mwana wa kiume. Binti huyo alikaa katika nyumba kuu ya baba yake na kurithi ardhi, ambayo kwa kawaida ilikwenda kwa wana wa kiume. Huyo ndiye binti wa kiume. Na mwanamke tajiri, hasa mwenye Ekwe, aliweza kuoa wanawake wengine na kuwa mume wao. Kazi ya mikono yao iliongeza mali yake. Huyo ndiye mume wa kike.

Kutokana na hayo Amadiume anajenga hoja yake kuu: katika Nnobi ya kale, mwili ambao mtu alizaliwa nao haukuamua peke yake nafasi yake katika jamii. Nafasi ya mume, ya mrithi na ya mkuu wa nyumba ilikuwa kama kiti. Kwa kawaida alikikalia mwanamume, lakini mwanamke aliweza kuketishwa hapo na watu wakamtii. Anaongeza kwamba lugha ya Kiigbo iliwasaidia, kwa sababu haina neno moja la kumtaja mwanamume na lingine la kumtaja mwanamke pale Mwingereza anapolazimika kuchagua.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaielewa hoja hii kwa urahisi. Nasi tukisema "amekuja" hatujasema kama aliyekuja ni baba au mama. Mwenyekiti ni mwenyekiti. Wazulu humwita mjomba umalume, yaani mama wa kiume, na dada wa baba humwita ubabekazi, baba wa kike. Hakuna anayedhani kwamba shangazi ni mwanamume. Kinachosemwa ni kwamba heshima na wajibu wa upande wa baba humfikia mtoto pia kupitia kwake. Hata yule kuhani wa Idemili haitupasi kumshangaa mno. Mchungaji anapopanda madhabahuni amevaa vazi jeupe refu hadi miguuni, hakuna msharika anayesema amevaa gauni. Vazi linatangaza kwamba saa hiyo mtu huyu si wake mwenyewe, bali anamtumikia mwingine. Kuhani wa Nnobi alitangaza kwa vazi lake kwamba anamtumikia mungu wa kike. Hatushiriki ibada yake, lakini si haki kumsingizia jambo ambalo vazi lake halikusema.

Nguvu ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba kinazikatalia zile sauti mbili. Anayesema Afrika haikujua kitu ila mume na mke kwa mpango mmoja atakuta humu mpango mwingine, wenye majina, sheria na heshima yake, uliokuwapo kabla ya wamisionari. Lakini anayetaka kuifanya Nnobi kuwa shahidi wa ndoa za jinsi moja za siku hizi atazuiwa na Amadiume mwenyewe. Anasema wazi na kwa ukali kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke huko kwao ilihusu nyumba, kazi na uzao, na kwamba kuisoma kama mapenzi ya wanawake wawili kungewaudhi wanawake wa Nnobi. Msimamo wa Kanisa letu kuhusu ndoa umeelezwa katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, na insha hii haikuandikwa kuujadili. Tunasema tu kwamba aliyekufa hawezi kujitetea. Kumtumia babu kama fimbo ya kumpigia jirani ni kumshuhudia uongo, na amri ya nane haikomi kaburini.

Nguvu ya pili inatuuma zaidi sisi watu wa Kanisa. Kanisa la Anglikana lilianza kazi Onitsha mwaka 1857 chini ya Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika aliyepata kuuzwa utumwani, na Wakatoliki wakafuata mwaka 1885. Amadiume anaeleza jinsi Injili ilivyofika pamoja na mpango wa nyumbani wa Uingereza ya wakati ule: baba kazini, mama jikoni, binti afundishwe kushona. Idemili alipoachwa, cheo cha Ekwe kiliachwa pamoja naye, na baraza la wanawake likapoteza nguzo yake. Serikali ya kikoloni nayo iliteua machifu wanaume, kana kwamba wanawake hawakuwahi kuwa na wakuu wao. Tunajua matokeo yake kutoka vitabu vingine vya historia. Mwaka 1929 maelfu ya wanawake wa nchi ya Waigbo na majirani zao waliinuka kupinga kodi na machifu hao, na zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi. Tunaloliona hapa ni kwamba mlango mmoja ulifungwa, na waliokuwa wakiutumia hawakuonyeshwa mwingine.

Hata hivyo kumsifu mwandishi si kukubali yote, na tunayo mambo matatu ya kumwambia.

La kwanza ni kuhusu wake wa wale waume wa kike. Jina la ndoa hiyo ni igba ohu, na ohu kwa Kiigbo ni mtumwa. Amadiume halifichi neno hilo, lakini jicho lake liko kwa mwanamke anayepanda, si kwa mwanamke anayekanyagwa ili mwenzake apande. Mwenye Ekwe alikuwa na sauti mjini. Je, binti aliyelipiwa mahari akalima shamba la mumewe wa kike, sauti yake ilisikika wapi? Manabii wa Agano la Kale wametufundisha kuipima jamii kwa hali ya mjane, yatima na mgeni, wala si kwa hali ya wakuu wake. Kwa kipimo hicho Nnobi ya kale haikuwa paradiso kwa wanawake. Ilikuwa mahali ambapo baadhi ya wanawake walipata nguvu, na wengine wakaigharimia.

La pili ni kuhusu dini yenyewe. Kitabu kinamtazama Idemili zaidi kama chemchemi ya nguvu za wanawake kuliko kama yule ambaye watu walimwomba, walimwogopa na kumtolea sadaka. Kuhani aliyefunga kitambaa kama mwanamke hakufanya hivyo ili kuwainua wanawake. Alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba yuko mmoja anayeweza kumdai. Msomaji mwenye imani, hata ya Mungu mwingine, anatamani kumsikia mtu huyo.

La tatu ni kuhusu wamisionari. Mashtaka dhidi yao ni mazito, na mengi ni ya kweli, lakini hawakuwa wote wa namna moja. Sisi Walutheri wa Tanzania tunamkumbuka Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi kwa Wachaga wa Moshi tangu mwaka 1902, na mwaka 1926 akachapisha kitabu kikubwa juu ya sheria na desturi zao. Gutmann aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu anaweza kuvitumia kulijenga Kanisa. Unaweza kumlaumu kwamba alipenda mno mambo ya kale, lakini huwezi kumlaumu kwamba hakuuliza.

Sasa tuingie katika jambo ambalo kitabu kimetufundisha bila kukusudia. Binti wa Nnobi alirithi kwa sharti moja: ahesabiwe mwana wa kiume. Mwanamke tajiri alitawala kwa sharti moja: aitwe mume. Mlango ulifunguka, lakini juu yake palibaki pameandikwa "wanaume". Nasi hatuko mbali na hapo. Mama akisimamia haki ya mali ya marehemu mumewe, akajenga na kusomesha, watu humsifu kwa kusema, "Yule mama ni mwanamume hasa." Akikosea kidogo, sifa hugeuka kuwa tusi, naye huitwa jikedume. Katika sifa na katika tusi, neno ni moja: kwamba nguvu si za mwanamke, ameziazima.

Linganisheni na binti watano wa Selofehadi katika Hesabu 27: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi. Musa aliipeleka haja yao kwa Bwana, naye Bwana akajibu kwamba binti hao wamesema lililo haki. Hakuwaamuru wahesabiwe wana. Hakuwabadilisha jina. Walirithi wakiwa binti. Ni kweli kwamba sura ya 36 inawawekea mpaka, waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Lakini neno la Bwana halikufutwa, na katika Yoshua 17 tunawaona wakipewa sehemu yao.

Msomaji makini atatupinga: Paulo naye katika Wagalatia 3:26 anawaita waamini wote wana, akimaanisha warithi. Je, hafanyi kama Nnobi? Tunajibu kwamba tofauti ni kubwa. Nnobi iliinua binti mmoja kwa ajili ya nyumba moja, na wengine wakabaki nje. Katika Kristo wameinuliwa wote waliobatizwa, na gharama hakulipa mwanamke mwingine shambani, amelipa Kristo mwenyewe. Na Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana mwana kwa lugha yetu ni mtoto wa kiume na wa kike pia. Tunaposema "wana wa Mungu", hakuna binti anayelazimika kujigeuza ili aingie.

Vivyo hivyo kwa yule ambaye hakupata nafasi katika hesabu ya mume, mke na watoto. Katika Isaya 56 towashi anajiona kuwa mti mkavu. Mungu hamwambii ajihesabu kuwa baba. Anamwahidi mahali ndani ya nyumba yake, na jina lililo jema kuliko wana na binti. Filipo alipombatiza towashi wa Kushi njiani kuelekea Gaza (Matendo 8), hakumwuliza kwanza atafanyaje ili awe kama watu wengine. Katika kila usharika wapo watu wa namna hiyo: mama aliyekosa mtoto, kijana anayechekwa kwa sauti yake au mwendo wake, dada aliyefikia umri mkubwa bila kuolewa. Mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa hayampi mtu yeyote ruhusa ya kuwacheka. Kicheko cha nje ya mlango wa kanisa kimewafukuza watu kutoka Meza ya Bwana kuliko karipio lolote la mchungaji.

Na nyumba ntobhu je? Hatuwezi kuibariki kama ndoa, wala kitabu cha Amadiume hakitulazimishi. Binti anayeozwa humo mara nyingi hakuulizwa, na watoto wana haki ya kumjua baba. Rut alijichagulia mwenyewe kumfuata Naomi, na Boazi alisimama mbele ya wazee langoni, akajulikana na mji wote. Hiyo ndiyo tofauti. Lakini ole wetu tukimtenga mjane huyu na ushirika, kisha tusimwulize ni nini kilichompeleka huko. Mara nyingi jibu ni la kawaida sana: hakuwa na mtoto wa kiume, aliogopa shamba litachukuliwa na ndugu wa mumewe, aliogopa uzee bila mtu wa kumchotea maji.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wazee wa kanisa, kabla ya kuleta jina la mama wa namna hiyo barazani, waende kwanza nyumbani kwake na maswali matatu. Shamba lake linalindwa na nani? Binti aliyeolewa humo anataka nini yeye mwenyewe? Na watoto wamebatizwa? Baada ya hapo waulize swali la nne, wakijiuliza wenyewe: mama huyu akiachana na nyumba ntobhu leo, usharika utakuwa mtoto wake? Kama jibu ni hapana, tutakuwa tumefunga mlango kama ulivyofungwa Nnobi, tukamwacha mjane nje na jembe lake mkononi.